Zawadi za Krismasi kutoka Lushoto: nilizobeba, zilizovuja na kigoda kilichochelewa

Kila Desemba mimi huishia Kariakoo. Naenda nikijua nitakanyagwa, nitauziwa mdoli wa kuimba siku mbili, kisha nirudi Tabata na mifuko lukuki nisijue kipi nimemnunulia nani. Mwaka jana mdogo wangu alikuwa amepata kazi ya ualimu karibu na Lushoto. Akanipigia: "Dada, hela yako ya Kariakoo ilete huku uone." Nikaenda na laki mbili, orodha ya watu kumi na mmoja, na mpwa wangu wa miaka 14 ambaye hakuulizwa kama anataka kwenda.

Safari ni ya siku nzima, msijidanganye. Basi la alfajiri kutoka stendi ya Magufuli kule Mbezi, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo ambako bado unajipepea kwa gazeti. Hapo ndipo mnaanza kupanda, kona juu ya kona, mpaka Soni, na mkifika Lushoto unatafuta sweta. Mji uko karibu mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Wajerumani waliupenda kwa ubaridi huo, wakauita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Nalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na zawadi: huku utauziwa jibini na mkate mweusi mzito, vitu ambavyo mtu wa Dar hategemei kuvikuta mlimani Usambara.

Nilianzia sokoni, siku ya gulio, Alhamisi. Kama unaweza, panga safari yako iangukie Alhamisi au Jumapili, maana siku nyingine soko limepoa. Desemba ni msimu wa plamu na fyulisi, na zilikuwa zimemwagwa chini kwenye maturubai, nyekundu, njano, nyingine na majani yake. Zinapimwa kwa sado, ile ndoo ndogo ya kupimia. Bibi mmoja alianzia elfu tano, tukaishia elfu tatu na nusu, na akaniongezea kiganja cha nyongeza. Nilipotaka zile zilizoiva vizuri, akanizuia: "Hizo ni za kula leo, mjukuu wangu. Za kwenda Dar chukua hizi ngumu." Mimi mjuaji nikachukua zilizoiva, sado mbili. Tulipofika Segera, kiti cha mbele yetu kilikuwa na juisi ya plamu chini yake na abiria wake ananitazama. Msikilizeni bibi.

Vikapu vilinipa mashaka. Vizuri, vya rangi, vingine vimeandikwa Lushoto kabisa. Nikamuuliza muuzaji vimesukwa kijiji gani. Akacheka, akasema vinatoka Tanga mjini. Nilimpenda kwa ukweli wake lakini sikununua. Kama unataka kitu cha mikono ya hapa hapa, ulizia vyungu. Kina mama wa Kwai wanafinyanga, na nilipata vitatu vidogo vya kupikia mboga. Wifi yangu, ambaye ana masufuria ya kila aina, chungu hicho ndicho anapikia mlenda hadi leo. Tatizo la chungu ni kubeba. Nilikipakata kama mtoto kuanzia Mombo mpaka Mbezi.

Zawadi ya mpwa wangu haikuwa kitu. Nilimlipia mwongozaji atutembeze mpaka Irente, ile kingo ya mlima. Kwa miguu ni kama saa moja na nusu kutoka mjini ukienda mwendo wa mtu wa Dar. Tulipita katikati ya mashamba ya kabichi na mahindi, watoto wanatusalimia, mwongozaji anatufundisha kujibu kwa Kisambaa. Mpwa wangu alinuna kilomita ya kwanza. Kilomita ya pili akakuta kinyonga kichakani, simu ikaingia mfukoni. Ukifika mwisho, ardhi inakatika tu: chini kabisa unakiona kijiji cha Mazinde na barabara kama uzi, na nyika imelala mpaka macho yachoke. Kijana alikaa kimya dakika nzima, jambo ambalo mama yake hakuamini nilipomsimulia.

Njiani mwongozaji alitueleza habari ya ua dogo la zambarau la misitu hii. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa ofisa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao, na sasa linauzwa kwenye vyungu madirishani Ulaya nzima. Wajerumani wanaliita urujuani wa Usambara. Nikaona nimepata zawadi ya mama! Nikazunguka soko zima, hakuna anayeliuza. Yaani lilikotoka ndiko halipatikani dukani. Mwongozaji akaniomba nisithubutu kumtuma mtu akanichimbulie porini, na alikuwa na haki.

Tulipogeuka tulipitia Irente Farm, shamba la kanisa la Kilutheri, tukala mkate ule mweusi, jibini laini na jamu, tumekaa nje chini ya miti. Hapo ndipo nilipomaliza nusu ya orodha. Jamu kwa majirani, jibini kwa kaka anayejifanya ameishi nje. Nyingine nilichukua kwa masista wa Kikatoliki kule Ubiri, barabara ya kushukia Soni. Wao wana jamu, jibini na divai ya ndizi, na wanakufungia kwa gazeti bila kuombwa. Jibini libebwe siku ya kuondoka tu, tena asubuhi. Na uwe na pesa taslimu mfukoni; bibi wa gulio hana lipa namba.

Kwa vyakula na matembezi natoa tisa kwa kumi. Kwa vitu vya kuweka sebuleni, tano, na hapo nimekuwa mpole.

Upole huo ni kwa sababu ya fundi seremala mmoja, ambaye simtaji. Nilimwagiza kigoda cha mvinje kwa ajili ya baba, nikalipa nusu Alhamisi, akaapa Jumamosi kiko tayari. Jumamosi kilikuwa na mguu mmoja. Jumapili fundi yuko msibani. Jumatatu simu haipatikani, na sisi tuna tiketi. Siku ya Krismasi baba alipewa soksi na maelezo.

Kigoda kiliingia Tabata katikati ya Januari, kimefungwa kwenye gunia, kimepandishwa basi bila kuniambia, nami nikapigiwa simu na kondakta usiku. Ni kizuri, lazima niseme. Kimenyooka, hakichezi, kimepakwa nta mpaka kinanukia msitu. Baba amekihamishia barazani na hataki mjukuu akikalie. Nusu nyingine nilishamtumia fundi. Yeye bado hajanirudishia elfu tano ya mzigo, ambayo nililipa mimi.