Pumzi kukatika usingizini na upasuaji wa taya Kampala: uzoefu wangu kama dereva wa trela

Nianze na hukumu kabisa, maana najua wengi mtasoma hapa mkiwa foleni ya mpakani Malaba na simu inakaribia kuzima. Kipimo cha usingizi cha nyumbani: nyota tano. Daktari wa taya: nyota tano, ningempunguzia nusu kwa kuchelewa kwake. Upasuaji: nyota nne. Ofisi ya malipo: nyota moja, na hiyo nimempa dada wa mapokezi aliyekuwa akinitafutia kiti. Hospitali ni ya binafsi, iko Kampala, na jina lake sitalitaja. Madaktari wa fani hii mjini si wengi, ukiuliza utaelekezwa.

Mimi nasukuma trela, Mombasa hadi Kampala, na mzigo ukipatikana naendelea hadi Kigali kupitia Katuna. Nyumbani ni Tororo. Nimekoroma tangu ujana na hakuna aliyeona ni ugonjwa. Kwetu mwanamume akikoroma watu husema ameshiba na kazi imemchosha. Aliyeona tofauti ni tanboi wangu, msaidizi wangu wa safari, kwa sababu ndiye anayelala nami ndani ya kabini. "Mzee," aliniambia tukinywa chai, "shida si kelele. Shida ni ukinyamaza. Kelele inakatika, mimi nahesabu, nafika ishirini na kitu, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini."

Nikajumlisha na mengine. Kichwa kizito kila asubuhi. Kuamka kwenda haja ndogo usiku kucha. Presha isiyoshuka hata nilipoongezewa dawa. Na usingizi unaonivamia mchana kweupe pale Lwera, njia ya Masaka, barabara imenyooka katikati ya kinamasi na hakuna hata kona ya kukuamsha.

Kabla ya kufika kwa daktari wa taya nilipita kliniki moja. Jamaa akanimulika tochi kooni, akasema kimeo ni kirefu, kikatwe pamoja na nyama za pembeni, kukoroma kwisha, malipo taslimu, siku chache nirudi barabarani. Hakunipima chochote. Nikamwambia nitafikiria, nikaenda zangu. Wakata vimeo wa vijijini wanaowakatia watoto wenye kikohozi tunawajua sote. Huyu tofauti yake ilikuwa koti jeupe. Baadaye nilielezwa hatari yenyewe: ukikatwa bila kupimwa, kelele inaweza kupungua na pumzi ikaendelea kukatika vilevile, na hapo hata mwenzako wa kabini hana tena cha kusikia.

Sasa kipimo. Kwanza unapewa karatasi yenye maswali manane, iliyotungwa Australia na daktari Murray Johns mwaka 1991. Unajipa alama, sifuri hadi tatu, kuhusu uwezekano wa kusinzia ukiwa unasoma, unatazama televisheni, umekaa baada ya chakula, na kadhalika. Jumla ya juu ni 24, na ukizidi 10 unatakiwa kuchunguzwa. Swali la mwisho linauliza: je, unaweza kusinzia ndani ya gari lililosimama dakika chache kwenye msongamano? Nilicheka. Aliyeliandika hajawahi kusubiri mpakani. Nilipata 17.

Kisha unapewa kifurushi uende nacho nyumbani. Kuna mkanda wa kifuani, mpira mwembamba wa puani, na kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni. Mama watoto alinifunga, akanitazama, akasema nimekuwa kama redio inayotengenezwa. Nililala vibaya kidogo lakini nililala, asubuhi nikairudisha. Gharama yake ilikuwa chini ya tairi moja jipya la trela, na katika safari yote hii hakuna pesa niliyoitoa ikanifaa zaidi. Hospitali zenye maabara ya usingizi hukulaza na kukufunga nyaya hadi kichwani ili zipime na ubongo, na hicho ni kipimo kamili zaidi. Cha nyumbani huweza hata kuhesabu pungufu, kwa sababu hakijui ni saa ngapi ulikuwa macho. Kwa mtu mwenye dalili kama zangu kilitosha.

Majibu yanasomwa hivi. Pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Ikipungua sana na oksijeni ikashuka, nalo linahesabiwa. Jumla inagawanywa kwa saa. Chini ya 5 uko sawa, 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 ni wastani, 30 kwenda juu ni kali. Yangu ilikuwa 41, yaani kila dakika moja na nusu mwili unapigania hewa. Oksijeni iliyotakiwa kuwa juu ya asilimia 90 ilishuka hadi 74. Niliposikia hivyo nilielewa kwa nini dawa za presha zilikuwa zinashindwa.

Daktari wa upasuaji wa mdomo na taya alinishangaza kwa namna alivyonitazama. Nilidhani atasema nifungue mdomo. Yeye alinisimamisha karibu na dirisha, akanitazama kwa upande muda mrefu, bila neno. Akaweka rula wima kutoka kati ya nyusi, ikashuka mbele ya midomo, na kidevu changu kikabaki nyuma yake sana. Ndevu zilikuwa zimekificha miaka yote. Akapima shingo kwa utepe wa fundi cherehani: sentimita 43, na wao huanza kuwa na wasiwasi mwanamume akivuka 40. Ndipo akaniambia nifungue mdomo nitoe ulimi. Kimeo kile alichotaka kukikata jamaa wa kliniki hakikuonekana kabisa. Ulimi ulikuwa umefunika kila kitu.

Eksirei ya kichwa ya upande aliibandika kwenye taa, akachukua penseli akanionyesha utepe mweusi nyuma ya ulimi. Huo weusi ndio hewa. "Hapa mtu wa kawaida ana milimita 11 hivi, Mzee. Wewe una 5, na hapa ulikuwa macho, umesimama." Ukilala chali misuli inalegea, ulimi unarudi nyuma, na njia iliyokuwa finyu inaziba. Mimi si mnene kiasi cha kutisha. Tumbo la udereva ninalo, lakini kiini cha shida kilikuwa mifupa: taya zote mbili fupi, ulimi wa mtu mzima umekaa katika nyumba ya mtoto. Nikiwaambia wenzangu hili hawaamini, wao wanajua huu ni ugonjwa wa matajiri wenye vitambi.

Niseme na la mtoto niliyemkuta pale kwenye benchi, kwa sababu wazazi wanaweza kusoma hapa. Alianguka kutoka kwenye mwembe akiwa mdogo, akafikia kidevu. Kidonda kilipona, lakini kiungo cha taya mbele ya sikio kikashikana mfupa kwa mfupa. Tangu hapo mdomo haufunguki hata kupitisha kijiko vizuri, taya la chini likaacha kukua, na usiku anakoroma kuliko mimi. Mama yake alikuwa ameambiwa kwingine kwamba ni meno. Watoto wa namna hiyo hufunguliwa kiungo, na taya huweza kurefushwa kwa kifaa chenye skrubu: mfupa unakatwa, wanasubiri siku chache, kisha skrubu inazungushwa taratibu milimita moja kwa siku, na mfupa mpya unajijaza kwenye pengo. Mtoto akigonga kidevu kwa nguvu, au usaha wa sikio ukikaa muda mrefu, mtazameni mdomo unafunguka kiasi gani.

Kilichonifanya nimwamini daktari huyu ni kwamba hakunipeleka kwenye kisu. Alisema mashine kwanza. CPAP ni pampu ndogo inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, hewa hiyo inaishikilia njia isizibe. Aliianzisha Colin Sullivan huko Sydney mwaka 1981, na kabla yake wagonjwa wakali walikuwa wakitobolewa shingo. Na kusema kweli mashine inafanya kazi. Nyumbani Tororo, umeme ukiwepo, niliamka kichwa chepesi nikasahau kwamba asubuhi huwa inauma.

Taabu ilikuwa barabarani. Kwenye kabini niliitegemea betri ya gari kupitia inveta, na betri iliyochoka haikungojei. Vumbi linajaza kichujio. Maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilled water) ya kuwekea ndani hayauzwi kila kituo. Barakoa inavuja joto likikutoa jasho, na ukiivua usiku mmoja ugonjwa uko palepale, haujaenda kokote. Mwenye kazi ya ofisini na umeme wa uhakika, sioni kwa nini akatwe mfupa. Tulizungumzia pia kifaa cha plastiki cha kuvaa menoni kinachovuta taya mbele, lakini kwa ukali wa ugonjwa wangu na magego niliyokwisha kung'oa hakikufaa.

Kabla ya kukubaliana walinilaza kwa dawa kidogo na kupitisha kamera puani, daktari wa masikio, pua na koo akiwepo, ili waone ni wapi hasa panapoziba. Paliziba nyuma ya ulimi na nyuma ya kaakaa. Hapo ndipo upasuaji wa taya mbili ulipoingia mezani: taya la juu linakatwa na kusogezwa mbele, la chini linapasuliwa kwa urefu pande zote mbili na kusogezwa kiasi hichohicho, kwangu karibu milimita 10, kisha yote yanafungwa kwa vibati na skrubu za titani. Kwa kuwa yanakwenda pamoja, meno yanabaki yakikutana kama zamani. Kaakaa na ulimi vimeshikwa na mifupa hiyo, basi navyo vinafuata mbele. Wanakata kutokea ndani ya mdomo, kwa hiyo usoni hakuna kovu.

Aliyenihoji kuliko wote ni mtaalamu wa dawa za usingizi. Kwa wagonjwa wa aina yetu hatari kubwa iko kwake: njia ya hewa ni finyu, na dawa kali za maumivu zinaweza kuilegeza pumzi baada ya upasuaji. Ndiyo maana usiku wa kwanza unalala ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, kichwa kimeinuliwa, mashine zikilia ukisahau kupumua. Ule usiku siusifu. Pua imeziba kwa damu, meno yamefungwa raba, uso umevimba hadi macho yanakuwa mistari, na kiu ipo. Nesi mmoja alikuwa ananifyonzea mate akisema "ssebo, bado kidogo tu" hadi alfajiri. Huyo namwombea heri.

Wiki zilizofuata ni uji, maziwa, na supu ya mulokoni, yaani kwato za ng'ombe, iliyochujwa ikawa maji matupu. Nilipungua mwili, jambo ambalo daktari alilifurahia kuliko mimi. Mdomo wa chini na kidevu vilikufa ganzi. Chai ilikuwa ikinidondoka na sijui. Ganzi hiyo walikuwa wameniandikia wazi kwenye fomu ya ridhaa kwamba ni ya kawaida na kwa wengine haiishi. Yangu imebaki sehemu ndogo upande wa kushoto, nikinyoa ndipo naikumbuka. Sura nayo imebadilika. Mpakani ofisa wa uhamiaji alitazama pasipoti, akanitazama, akaitazama tena, akaita mwenzake. Sasa natembea na barua ya hospitali.

Nilirudia kipimo baada ya miezi kama sita, uvimbe umekwisha kabisa. Kutoka 41 nimeshuka hadi 7, oksijeni ya chini kabisa 88. Kwa hiyo sijapona kwa hesabu kali, bado nina ugonjwa kidogo nikilala chali, nalala ubavu. Daktari wangu wa presha ameniondolea kidonge kimoja. Hili la maneno ya "kufaulu" lifahamuni: madaktari wa upasuaji wakisema umefaulu, kwa kawaida wana maana hesabu imeshuka kwa nusu au zaidi na iko chini ya 20. Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2016, zenye wagonjwa zaidi ya 500, zilipata kufaulu kwa namna hiyo kwa takriban 85 katika kila 100, lakini walioshuka chini ya 5 hawakufika 40. Mimi niliambiwa takwimu hizo kabla ya kusaini. Ukiahidiwa "tunaondoa kabisa", ondoka wewe.

Malalamiko yangu ni ya pesa. Bima ya kazini ilikataa, wakaandika kwamba kurekebisha taya ni urembo. Daktari akawatumia kipimo cha usiku chenye ile 41 na 74, wakakubali sehemu ya kulazwa, upasuaji wenyewe nikauza kiwanja. Asiye na bima wala kiwanja ajue kwamba hospitali ya serikali ya Mulago nako kuna kitengo cha upasuaji wa mdomo na taya, aanzie huko kwa barua ya rufaa. Na pale nilipotibiwa, karatasi ya makadirio ilitaja upasuaji, kitanda na vibati, ikanyamaza kuhusu ICU, kamera ya puani na kipimo cha pili. Vyote vilikuja kwa bili tofauti, kimoja nilidaiwa nikiwa tayari nimevua nguo za hospitali. Dai viandikwe vyote kabla ya kutoa shilingi ya kwanza.