Sauti imepotea baada ya kuweka Windows upya: draiva au kadi ya USB?

Kabla ya lolote, bofya alama ya spika pale chini kulia uone sauti inaelekezwa wapi. Mara nyingi Windows mpya hupeleka sauti kwenye kioo cha kompyuta kupitia HDMI (waya wa picha na sauti), na kioo chenyewe hakina spika. Hakikisha pia waya umechomekwa tundu la kijani nyuma ya kompyuta. La waridi ni la maikrofoni.

Bado kimya? Jaribu draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kutumia chipu ya sauti. Soma modeli iliyochapwa kwenye mazabodi (bodi kuu ndani ya kompyuta), ingia tovuti ya mtengenezaji wake, pakua na usakinishe draiva ya sauti (nyingi ni za Realtek, kampuni ya chipu za sauti), kisha uwashe mashine upya. Gharama ni bando tu, na hata matundu ya mbele hurudi kufanya kazi. Tafadhali, zile programu za kukutafutia draiva ziache kabisa, nyingi huja na takataka zake.

Kadi ya sauti ya USB, kifaa kidogo chenye chipu yake ya sauti na tundu la spika, unachomeka tu, Windows huitambua yenyewe. Lakini ni ya kununua, na inachukua tundu moja la USB. Mimi huanza na draiva kila mara. Kadi ni ya mashine ambayo chipu yake ya sauti imekufa kweli.