Pua imetulia, lakini kliniki ile siirudii

Naanza na ile simu, maana ndiyo inayonichoma mpaka leo. Nimetoka kugandishwa mshipa ndani ya pua ili makamasi yaache kutiririka, nimekaa ndani ya gari nje ya kliniki, hapa Houston, kichwa kinapasuka. Maumivu yameanzia kwenye paji la uso, yamepita nyuma ya macho, yamefika hadi meno ya juu. Nikapiga mapokezi. Binti aliyepokea akasema: "Hatujawahi kusikia mgonjwa akilalamikia hilo. Labda ni wasiwasi tu." Akakata simu.

Wasiwasi! Matibabu yenyewe ni kugandisha mshipa wa fahamu unaochochea makamasi. Wanakutia ganzi, wanapitisha kifimbo hadi nyuma kabisa ya pua, gesi ya baridi kali, naitrasi oksaidi, inagandisha pale mshipa unapotokea, kisha wanahamia upande wa pili. Kichwa kuuma baada ya hapo ni jambo linalojulikana, kama ukinywa kitu cha baridi kali kwa pupa, ila haya hayaondoki upesi. Nimeyasoma mwenyewe baadaye. Karatasi niliyosaini ilijaa habari za malipo, na kuhusu maumivu kulikuwa na maneno mawili: "usumbufu kidogo". Ningejua, nisingeenda peke yangu na gari.

Daktari alinieleza vizuri, hilo sikatai. Vipimo vya aleji havikuonyesha kitu, lakini nikiingia penye kiyoyozi au nikinusa manukato, makamasi yanatiririka. Alinipa kwanza dawa ya kupuliza ya ipratropiamu, na iliponikausha kidogo akasema ni dalili njema, huenda mshipa ndio chanzo. Akaniambia pia kwamba upasuaji wa zamani ulikata mshipa mkubwa zaidi, watu wakabaki na macho makavu, kwa sababu mshipa huo unahudumia na machozi. Sasa mtu anayejua yote hayo anashindwaje kunitahadharisha kuhusu kichwa? Naye pia ana lake.

Bima wakakataa kulipa, eti ni majaribio, na vifaa hivi vimeruhusiwa Marekani tangu 2017. Nimekata rufaa, bado nasubiri.

Wiki za mwanzo pua iliziba kuliko zamani, ikajaa magamba, nikajiapiza kumkataza kila mtu. Halafu taratibu ikatulia. Ijumaa moja msikitini nilisujudu, nikainuka, zulia kavu. Miaka yote nimeswali na tishu mkononi, nikijificha safu ya nyuma. Siku ile nilisimama safu ya mbele, machozi yakanitoka. Sijui niseme nini zaidi. Imenirudishia heshima yangu.

Nilitaka kutoa nyota nne. Kila nikikumbuka lile neno "wasiwasi" mkono unakataa. Natoa mbili, na zote mbili ni za pua. Shemeji yangu anateseka vilevile. Nimemwambia afanye, ila atafute daktari mwingine, na aulize habari za kichwa kabla hajasaini chochote.