Sinza kwa wanywaji: bia ni ile ile, tofauti iko kaunta

Kila mgeni akitua Dar swali lake ni moja, dada twende wapi tukapige mbili tatu, na jibu langu halijawahi kubadilika, Sinza. Siyo Masaki, siyo Mikocheni, Sinza, ile barabara ya Shekilango na vichochoro vyake kuanzia huku Mori mpaka Afrika Sana, ukikunja kidogo uko kwa Remmy. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika mara moja yaishe, na naandika kama mnywaji, siyo kama mtu anayetafuta sehemu ya kupiga picha.

Kwanza tuelewane. Bia zetu zinatoka kiwandani, hakuna baa inayopika Safari yake nyuma ya nyumba. Safari unayokunywa Tandika ndiyo hiyo hiyo ya Masaki, chupa ile ile ya nusu lita, kilevi kile kile asilimia 5.5. Sasa mtu akikuuzia mara mbili au mara tatu ya bei ya uswahilini maana yake anakuuzia kitu kingine kabisa, anakuuzia kiti, upepo, mwanga wa bluu chini ya meza na kijana aliyevaa tai. Kuna baa moja huko upande wa ghorofani, jina naliacha, tulienda na wenzangu wa ofisini kumuaga mtu, wakaleta Kili, yaani bia ya Kilimanjaro, kachupa kadogo, kijana akamimina kwa mkono mmoja wa nyuma mgongoni kama anahudumia balozi, bili ilipokuja meza nzima ikanyamaza. Bahari inaonekana vizuri pale, sikatai, ila bahari siinywi.

Kwa hiyo mimi baa naipima kwa mambo yanayozunguka bia, na la kwanza ni ubaridi. Mhudumu akikuuliza baridi au ya moto hapo ndiyo unajua kama wana friji au wana kabati lenye taa. Wazee wa Safari ya moto siwasemi, wana sababu zao, kuna mzee mmoja mezani kwetu anasema ya baridi inaficha ladha na kwa kweli hajakosea, ulimi ukishaganda huonji kitu. Lakini joto la Dar la Februari unalijua, mimi nataka chupa inayotoa jasho, basi. Kinachonikera zaidi ya bia vuguvugu ni ile iliyosahaulika kwenye friza. Bia inaanza kuganda kwenye nyuzi mbili hivi chini ya sifuri, sasa unaletewa chupa inaonekana safi tu, dada anagusa kizibo, pyaa, yote inageuka theluji humo ndani na povu linapanda mpaka kwenye simu za watu. Baa nzuri wanakubadilishia bila maneno. Baa mbaya wanakwambia subiri itayeyuka. Ikiyeyuka gesi imeshaondoka, unakunywa uji.

Sinza kuna ushindani, ukitoka baa hii hatua ishirini uko baa nyingine, kwa hiyo suala la ubaridi wengi wamelinyoosha. Ile ninayokwenda mimi (sitaji, nikitaja kiti changu kitakuwa na mtu kila Ijumaa) wana mafriji ya vioo ya kampuni za bia yamepangwa ukutani, ya TBL upande huu, ya Serengeti upande ule, na dada wa kaunta anajua kuzungusha, zilizoingia jioni zinakaa nyuma, za mchana zinakuja mbele. Kitu kidogo lakini ndicho kinachotofautisha baa na duka la vinywaji.

La pili ni mhudumu, na hapa niseme kama mwanamke maana wanaume wengi hawalioni. Mimi nakunywa Safari. Shemeji yangu anakunywa Castle Lite, ile ya asilimia 4, ndiyo chaguo lake, tumbo lake, hela yake. Tukikaa meza moja sehemu yoyote ngeni trei ikifika Lite inawekwa mbele yangu na Safari mbele yake, kila mara, bila kuuliza, halafu tunabadilishana huku mhudumu anacheka kama tumemtania. Kuna sehemu nyingine mwanamke ukikaa peke yako hauhudumiwi kabisa, wanadhani unamsubiri mtu, au wanadhani mengine. Pale Sinza yule dada mwenye kifungulio kinachoning'inia kiunoni kwa kamba ya kiatu alituuliza mara ya kwanza tu nani anakunywa nini, na kutoka hapo hajawahi kukosea. Anakuja na chupa mbili, anaifuta mdomo kwa tishu, anakugusisha mkono uhakiki ubaridi kabla hajafungua, anafungua mbele yako, halafu kizibo anakirudisha juu ya chupa kimekaa upandeupande, nzi wasiingie. Hujasema kitu. Glasi yako kaiweka imeinama kwenye sahani. Watu wanalipia mafunzo ya huduma kwa wateja hoteli kubwa na hawafiki hapo.

Na ujue hawa kina dada wanafanya kazi kwenye mazingira magumu. Baa nyingi mhudumu anachukua bia kaunta kwa jina lake, ikipotea meza au mteja akitoroka ni yeye analipa. Ndiyo maana ukimuona anakuzungukia sana saa tano usiku usidhani anakupenda, anakulinda. Ukipata anayejua kazi muachie chochote, siyo zile sarafu za chenji zilizolowa bia, mpe hela ya maana mkononi.

Bili sasa. Hapa ndipo urafiki wa watu unapovunjikia. Mimi sheria yangu ni chupa zibaki mezani au kwenye kreti chini ya meza mpaka tunaondoka, na baa ikiwa na haraka ya kukusanya chupa tupu kuliko kuleta zilizojaa naanza kuhesabu vidole. Kuna baa nyingine, siyo Sinza hata, meza yetu ilisafishwa safi kabisa kila baada ya nusu saa, tukasifia usafi, kumbe. Bili ikaja na bia ambazo hakuna aliyezikumbuka, na ukiuliza unaambiwa kaka yule aliyetoka alichukua mbili za kuondokea. Kaka gani? Hapa kwetu chupa zinakaa, dada anahesabu na wewe kwa sauti, anaandika kwenye kikaratasi, unalipa kwa lipa namba iliyobandikwa ukutani, ujumbe ukiingia kwa kaunta umemaliza. Bei yao ya bia ya kawaida inacheza kwenye elfu mbili na mia tano, ikipanda pale bajeti ya Dodoma inapogusa ushuru wa bia, na hilo siwalaumu wao, mchangia pato la taifa ni mimi.

Halafu nyama. Jamani. Baa bila jiko ni chumba cha kusubiria gari. Sinza ukisema kitimoto, nyama ya nguruwe, umefika nyumbani kwake, na anayetaka mbuzi au kuku choma jiko lake liko kivyake na mchomaji wake kivyake, mambo hayachanganywi. Unaenda mwenyewe pale kwenye kioo unachagua, nataka hapa pa mbavu, usiniwekee mafuta matupu, jamaa anapima nusu kilo mbele yako, unamwambia kavu au rosti. Chukua kavu. Rosti yao nzuri ila mchuzi unaficha nyama ya jana, kavu haifichi. Inakuja kwenye sinia imekatwakatwa, pembeni ndizi za kukaanga zilizochubuka kidogo kingo, kachumbari, ndimu, chumvi kijilima, na ile pilipili mbuzi ambayo haina mzaha hata kidogo. Kabla ya hapo unaletewa maji ya moto na sabuni, dada anakumwagilia. Mafuta yakishaganda kwenye midomo ndipo unapoelewa kwa nini mtu alibuni Safari ya baridi, uchungu wake unakata ule mzigo wote, unaanza upya. Lite haiwezi kazi hiyo, inapita tu kama maji ya bomba, shemeji anisamehe.

Nikiwa hapo hapo kwenye bia zenyewe, Kili ni ya kuanzia, asilimia 4.5, nyepesi, haikusumbui ukiwa na njaa, na zile fulana za watalii zinazosema kama huwezi kuupanda basi unywe nadhani zimeiuza kuliko tangazo lolote. Serengeti ni ya watu wanaopenda utamu wa shayiri, mimi moja inanitosha. Balimi ukiiona mezani ujue kuna mtu wa Kanda ya Ziwa na usibishane naye. Windhoek na Heineken ni za mwisho wa mwezi, ila hizi za chupa ya kijani angalia zilipokaa, chupa ya kahawia inazuia mwanga, ya kijani haizuii vizuri, bia iliyokaa juani inatoa harufu ya ajabu na huo siyo ubaya wa kampuni, ni wa aliyepanga kreti nje kuanzia asubuhi. Konyagi iko, asilimia 35, wanaouza kwa kipimo wanapima na wanaouza chupa wanauza chupa, viroba vyenyewe, zile pakiti ndogo za plastiki za pombe kali, serikali ilishavipiga marufuku tangu Machi 2017 na mtaa ukapumua.

Yule mzee wetu wa Safari ya moto akishakunywa tatu anaanza historia, na huwa nampa nafasi maana ni nzuri. Anasema miaka ya themanini bia ilikuwa ya kutafuta kwa kujuana, kampuni ya bia ni moja ya serikali, unaambiwa zimeisha saa moja jioni, au unapata chupa ya leo tofauti na ya jana. Makaburu wa Afrika Kusini wakaja 1993 wakachukua nusu ya TBL, 1996 ikatoka Kili, baadaye Serengeti nao wakapanda mpaka Wakenya wa EABL wakainunua zaidi ya nusu mwaka 2010. Kwa hiyo nyie watoto mnaolalamika friji hili halina Lite, anasema, mnalalamikia neema. Halafu anatuhamisha kwenye muziki, kwamba bendi ya Sikinde wenyewe jina lao refu ni la baa, Mlimani Park, walianzia pale 1978, na kwamba kituo tunachoshukia kinaitwa kwa Remmy kwa sababu mwanamuziki Remmy Ongala alikaa huku huku Sinza. Baa ilikuwa ndiyo studio, ndiyo ukumbi, ndiyo ofisi ya ajira ya wapiga gita.

Leo baa nyingi za huku muziki ni kijana na kompyuta, na hapa ndipo ninapokata maksi. Kelele. Mwaka 2022 NEMC, baraza la mazingira, walipita wakafungia baa kibao kwa sababu hiyo, watu wakatulia kidogo, sasa spika zimerudi mdogo mdogo, baa hii singeli, ya pili amapiano, ya tatu mechi ya Arsenal, wewe uko katikati unamfokea mtu aliye nusu mita. Yangu wana bendi ndogo Jumapili inapiga zilipendwa kwa sauti ya kibinadamu, siku nyingine zote kaa meza za nje chini ya mwembe, mbali na spika, karibu na geti. Faida nyingine ya geti ni kwamba biashara yote ya mji inapita hapo, karanga, korosho, mayai ya kuchemsha yanapasuliwa na kutiwa kachumbari, mikanda, miwani, mtu akikataa miwani anaonyeshwa sumaku ya kutibia mgongo. Ng'ambo ya barabara kuna wa supu ya pweza na wateja wake wanaokunywa haraka haraka wakiangalia pembeni.

Choo. Nimeona baa zenye marumaru mpaka dari na choo hakina mlango. Hiki kina mlango, kina kitasa, kina maji kwenye ndoo, cha wanawake kiko upande wake na taa inawaka. Sabuni ipo mpaka kama saa nne, baada ya hapo jitegemee. Nawapa saba juu ya kumi, na kwa Dar hiyo ni digrii.

Kufika ni rahisi, mwendokasi shuka Shekilango halafu bajaji au boda mpaka Mori, kurudi chukua Bolt na uiite ukiwa umekaa siyo ukiwa barabarani na simu mkononi. Gari acha nyumbani, matrafiki na kile kipimo chao cha kupuliza wanazijua njia zote za kutoka Sinza. Na nikuambie tu, ukilala vibaya, asubuhi kuna supu ya kongoro hapo hapo jirani kuanzia saa kumi na mbili, wanaokuja kuzimua utawajua kwa miwani.

Siku ya kwenda ni Alhamisi. Ijumaa mwisho wa mwezi viti vinaisha saa kumi na mbili jioni, na siku ya Simba na Yanga usijaribu labda kama unataka kuangalia mpira kwa mgongo wa mtu. Ukifika agiza nyama kwanza kabla ya bia maana jiko linachukua zaidi ya nusu saa likiwa na foleni, na ukisubiri mpaka umefika ya tatu ndiyo ukumbuke kula utajikuta unamchekea mtu wa meza ya jirani usiyemjua kwa sababu ya sinia lake.