Kununua hisa za nje ukiwa Dar: njia zilizopo, kuanzia ya kwanza hadi ya kukimbia

Uliza kwenye kundi lolote la WhatsApp la wawekezaji wa Dar ni programu ipi nzuri ya kununulia hisa za Marekani. Majina yatamiminika kabla chai haijapoa, na mengi yao hayauzi hisa hata moja. Yanauza mikataba ya kubashiri bei, na anayekutumia kiungo cha kujisajili analipwa kila unapobonyeza kitufe. Basi tuanze kwa kutenganisha mchele na chuya, halafu tupange.

Kuna mambo yamebadilika kweli. Oktoba 2019 Charles Schwab waliondoa kamisheni kwenye hisa za Marekani na wenzao wakafuata siku hizo hizo. Siku hizi unaweza kununua sehemu ya hisa badala ya hisa nzima. Kampuni kama DriveWealth na Alpaca zimejenga mitambo ya nyuma ya pazia, kiasi kwamba kijana mwenye programu Nairobi au Lagos anaweza kuwauzia wateja wake hisa za Apple bila yeye mwenyewe kuwa dalali New York. Na tangu Mei 28, 2024, ukiuza hisa Marekani malipo yanakamilika siku moja ya kazi baadaye. Zamani zilikuwa mbili.

Siku hiyo moja si ya kubeza. Alfajiri ya Januari 28, 2021, kampuni ya kukamilisha miamala iliwadai Robinhood, dalali wa Marekani anayeuza hisa kwa programu ya simu, dhamana ya karibu dola bilioni 3 kwa sababu ya ununuzi wa hisa za GameStop uliokuwa bado haujalipiwa. Wateja wakaamka na kukuta kitufe cha kununua hakifanyi kazi. Muda wa kukamilisha malipo ukiwa mfupi, dhamana inayodaiwa inapungua, na matukio ya namna hiyo nayo yanapungua.

Kuingia, basi, kumekuwa rahisi kila mahali. Ndiyo maana sikupanga kwa urahisi wa kuingia. Nimepanga kwa maswali matatu: hisa iko kwa jina la nani, gharama nzima ni kiasi gani hadi mwisho, na pesa itarudije kwenye akaunti yako ya benki hapa Dar.

Ya kwanza: dalali mkubwa wa kimataifa, na mfuko uliosajiliwa Ireland

Mfano unaotajwa zaidi ni Interactive Brokers, kampuni ya Thomas Peterffy. Haina kima cha chini cha kufungulia akaunti, na mwaka 2021 iliondoa ada iliyokuwa ikikata akaunti zilizolala. Ukurasa wake unachosha macho, sikatai. Mtu aliyezoea programu za rangirangi atadhani amefungua mfumo wa uhasibu wa bandari. Vumilia.

Kinachokwamisha watu wa Dar wakati wa kujisajili ni uthibitisho wa makazi. Pasipoti inapita, TIN inapita, halafu wanakuomba bili yenye jina lako na anwani ya nyumba. Umeme wetu ni wa LUKU, bili hakuna. Mita ya maji iko kwa jina la mwenye nyumba. Anwani tuliyokua nayo ni S.L.P., na hiyo wanaikataa papo hapo. Nenda benki kwako, omba wabadilishe anwani kwenye taarifa zako iwe ya mtaa na namba ya nyumba, ile iliyobandikwa ukutani kwenye zoezi la anwani za makazi la 2022, kisha uombe taarifa ya akaunti yenye muhuri. Fanya hivyo kabla hujaanza kujaza fomu, utajiokolea barua pepe nyingi.

Sasa, ukishaingia usikimbilie hisa za Marekani moja kwa moja. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo hata ukijaza vizuri fomu ya W-8BEN, ile ya kuthibitisha kwamba wewe si Mmarekani, gawio lako linakatwa asilimia 30. Kuna jambo zito zaidi ambalo wauza kozi hawaligusi. Mtu asiye raia wala mkazi wa Marekani akifariki akiwa na hisa za kampuni za huko, serikali yao inadai kodi ya mirathi kwa kila kinachozidi dola 60,000. Raia wao wenyewe wana msamaha wa mamilioni. Mke na watoto wako Mbagala ndio watakaohangaika na fomu hizo.

Dawa yake ni mifuko ya ETF, yaani kapu la hisa nyingi linalouzwa sokoni kama hisa moja, iliyosajiliwa Ireland na kuuzwa kwenye soko la London. Ndani yake zimo kampuni zilezile za Marekani, lakini mfuko unakatwa asilimia 15 kwenye gawio la Marekani badala ya 30, na kodi ya mirathi ya Marekani haikugusi. CSPX inafuata kampuni 500 kubwa za Marekani kwa gharama ya asilimia 0.07 kwa mwaka. VWRA inachukua dunia nzima, gharama yake iko juu kidogo, ila bei ya kipande kimoja ni ndogo kuliko CSPX. Yote miwili hairushi gawio kwako, inalirudisha ndani ya mfuko. Kama ungependa mfuko mmoja tu na usiusumbue kila wiki, VWRA ndiyo ningeichukua.

Saa nazo zinatufaa. London hufunguliwa saa 4 asubuhi yetu na kufungwa saa 12:30 jioni wakati wao wakiwa kwenye saa za kiangazi; majira yao ya baridi yakifika, ongeza saa moja. New York ni saa 10:30 jioni hadi saa 5 usiku, nayo inasogea saa moja majira hayo. Unaweza kuagiza ukiwa umesimama kwenye mwendokasi wa Kimara.

Pesa yenyewe inatumwa kwa TT, yaani uhamisho wa kimataifa, kutoka benki. Hapa ndipo penye uchungu, maana ada haijali kiasi unachotuma. Benki yako inakata, benki ya katikati nayo inakata. Tuseme jumla ni dola 40: ukituma dola 200, asilimia 20 imeondoka kabla hujanunua chochote, ukituma 2,000, ni asilimia 2. Kwa hiyo kusanya, utume mara moja au mbili kwa mwaka. Akaunti ya benki lazima iwe na jina lako, kwa sababu madalali wa maana hawapokei pesa iliyotumwa na shemeji. Benki itakuuliza pesa inakwenda kufanya nini. Jibu ukweli, na waulize kanuni za fedha za kigeni za 2022 zinakutaka ulete nini kwa uwekezaji wa nje ya Afrika Mashariki na SADC. TRA nayo humtoza mkazi kwa kipato cha popote duniani, kwa hiyo tunza taarifa zako za mwaka.

Hisa haziandikwi kwa jina lako. Zile za Marekani karibu zote zimeandikwa kwa jina la Cede & Co., jina linalotumiwa na hifadhi kuu ya hisa ya huko, na daftari la dalali ndilo linalosema sehemu yako ni ipi. Dalali wa Marekani akianguka, SIPC, shirika la huko la kuwalinda wateja wa madalali, hufidia hadi dola 500,000 kwa mteja, taslimu isizidi 250,000 ndani ya hizo. Bei ikishuka, hiyo ni yako peke yako.

Ya pili: kubaki nyumbani

Kwa mwenye chini ya milioni 3 au 4 kwa mwaka, hii ndiyo ya kwanza. Ada za kutuma nje zingemla.

Kwenye DSE, Soko la Hisa la Dar es Salaam, hisa zako zinasajiliwa kwa jina lako mwenyewe kwenye hifadhi kuu ya dhamana, yaani daftari la hisa na hatifungani. Katika hilo, soko lililofunguliwa Aprili 15, 1998 likiwa na hisa za TOL peke yake linalishinda la New York. Programu ya Hisa Kiganjani imeondoa ile safari ya Posta kumtafuta dalali na kujaza fomu za nakala tatu. Gawio la kampuni zilizoorodheshwa hukatwa asilimia 5. Gharama za kununua ni asilimia 2 na ushee, na ukiuza unalipa tena, kwa hiyo si soko la kuingia na kutoka. Kutoka kwenyewe kunahitaji subira: CRDB na NMB zina wanunuzi, lakini kuna kampuni ambazo oda yako italala mpaka uisahau. KCB na EABL za Kenya zimeorodheshwa hapa pia, ila usitegemee kumpata muuzaji siku unayomtaka.

Asiyetaka kuchagua hisa aende UTT AMIS, wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wa pamoja, Sukari House, au ajisajili kwa simu. Mfuko wa Umoja upo tangu 2005, na Mfuko wa Ukwasi unafaa kukusanyia ile pesa utakayoituma nje baadaye. Hatifungani za serikali zinaanzia milioni 1, riba kila miezi sita.

Watu hupenda kusema dola ni kinga. Mwishoni mwa 2024 dola ilitoka shilingi 2,600 na ushee hadi chini ya 2,400 ndani ya wiki chache. Aliyenunua dola Novemba kwa haraka aliiona kinga hiyo.

Ya tatu: programu za Afrika

Bamboo na Risevest za Nigeria, Hisa na Ndovu za Kenya. Zimeundwa vizuri na zinajua simu zetu. Lakini hesabu mikono: programu, dalali wa Marekani nyuma yake, kampuni ya kukamilisha miamala, hifadhi. Kila mkono una ada yake au tofauti yake ya bei ya dola. Pia usimamizi ni wa nchi nyingine. Aprili 2021 mamlaka ya mitaji ya Nigeria ilitoa onyo kwa programu zinazouza hisa za nje bila usajili, na wateja wakabaki wanaulizana. Angalia kwanza kama inampokea mwenye kitambulisho cha Tanzania, halafu uulize dalali wa nyuma ni nani. Asiyetaka kukujibu swali la pili, mwache.

Ya nne: hisa za tokeni

Hizi ni alama za kidijitali zinazofuata bei ya hisa. Zilishika kasi katikati ya 2025, soko la sarafu za kidijitali la Kraken na xStocks zake, Robinhood kwa wateja wa Ulaya. Baadhi zinauzwa hata Jumapili. Mara nyingi unachopata ni dai dhidi ya aliyetoa tokeni, si haki ya mwenye hisa. Hapa kwetu, kuhamisha mali za kidijitali kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 tangu sheria ya fedha ya 2024. Subiri.

Ya mwisho: CFD na "foreksi"

CFD ndiyo ile mikataba ya kubashiri bei niliyoitaja mwanzoni. Hapa hununui kitu. Unaingia mkataba na broka kuhusu bei itakavyokwenda, na mara nyingi yeye ndiye upande wa pili. Mwaka 2018 msimamizi wa masoko wa Ulaya alieleza kwamba asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wadogo hupoteza pesa kwenye mikataba hii, akaweka kikomo cha levereji, yaani ukubwa wa dau ukilinganisha na pesa yako, cha 1:30 hata kwa sarafu kubwa. Broka anayekutangazia 1:500 kutoka kisiwa fulani amekaa nje ya mkono wa msimamizi huyo. Kwa 1:500, bei ikisogea asilimia 0.2 upande usioutaka, dhamana yako imekwisha. Euro na dola husogea hivyo kabla hujamaliza kula chapati.

Yule "mentor" mwenye kundi la Telegramu hahitaji ushinde. Kiungo chake kinamlipa kwa kila oda unayofungua, iwe umepata au umepoteza, ndiyo maana ishara zake za kununua na kuuza haziishi. Waliokuwepo mwaka 2009 wakati wa upatu wa DECI wanaujua wimbo huu kwa ala nyingine.

Anayetaka kukuuzia uwekezaji hapa nchini, tafuta jina lake kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na uandike jina la kampuni kama lilivyo kwenye risiti, siyo lile la kwenye tangazo. Kama pesa imeshaingia mahali, omba kutoa kiasi kidogo wiki hii, kwenda akaunti yako ya benki. Wakikudai ada ya kufungulia, kodi ya mapema au amana nyingine ndipo watoe, usiweke hata senti tena, na peleka taarifa za mazungumzo polisi kabla kundi halijafutwa.