Kompyuta ya mezani inayojiwasha na kujizima: tathmini kutoka Dodoma

Kompyuta yetu ya mezani, hapa Nkuhungu jijini Dodoma, hujiwasha saa kumi alfajiri, ikapakua masasisho na masomo ya video ya watoto kwa kifurushi cha usiku, kisha ikajizima kabla hakujapambazuka. Kazi hiyo haikunigharimu programu yoyote ya kulipia.

Kujizima kunasimamiwa na Task Scheduler, programu ya kupangia kompyuta kazi kwa saa maalumu iliyomo ndani ya Windows, nami naisifu kwa dhati. Unaipangia amri ya shutdown /s /t 300. Muda ukifika, onyo hutokea kwenye skrini na dakika tano baadaye mashine huzimika, isipokuwa mtu aandike shutdown /a kuisitisha. Kasoro yake ni nzito, hasa kwenye nyumba yenye wanafunzi: muda wa kusubiri ukizidi sifuri, Windows huzifunga programu zote kwa nguvu, na insha ambayo mtoto hajaihifadhi hupotea. Kwa hiyo msipange amri hiyo jioni, wakati wa kazi za shule.

Kujiwasha kuna masharti zaidi. Task Scheduler inaweza kuiamsha kompyuta iliyolala, si iliyozimwa kabisa, hivyo inabidi kuingia kwenye bayosi (BIOS), yaani mipangilio ya msingi ya mashine iliyo nje ya Windows, aghalabu kwa kubonyeza Delete au F2 mashine inapowaka, na kuwasha alamu ya RTC, yaani ya saa ya ndani ya kompyuta. Hapo saa kumi alfajiri huandikwa 04:00:00. Mpangilio wa ErP, ambao ni wa kubana umeme mashine ikiwa imezimwa, kama upo, uzimwe, kwa kuwa hukata ule umeme mdogo unaoiwezesha mashine kujiamsha. Na kwa sababu hiyohiyo swichi ya soketi ukutani iachwe imewashwa usiku kucha, jambo ambalo wengi wetu, kwa kuhofia yuniti za LUKU, tumezoea kutolifanya. Betri ndogo ya CR2032 iliyo ndani ya kompyuta hutunza saa tu. Haina nguvu ya kuwasha kompyuta, na umeme ukiwa umekatika saa kumi, alamu ya siku hiyo imepita.

Soketi zenye saa, zinazouzwa madukani, sizipendekezi kwa kuzimia kompyuta, kwani hukata umeme ghafla hata diski ikiwa inaandika. Wenye kompyuta mpakato nao wakague bayosi kwanza, maana nyingi hazina alamu hiyo.