Less Is More ya Marillion: roki ikichomolewa waya inabaki nini?

Haya, karibuni wadau. Leo tunayo albamu ya Less Is More ya Marillion, bendi ya roki ya Uingereza inayojitegemea. Ilitoka 2009, na kwa bendi yoyote inayotaka kurekodi kwa magitaa makavu, yale yasiyotumia umeme, wengine mnayaita galatoni, hii ni darasa.

Kabla hujatoa hela, jua hili. Kama Marillion unawajua kwa "Kayleigh", ule wimbo wa 1985 uliofika nambari 2 Uingereza, humu haumo. Ule ni wa enzi ya Fish, mwimbaji wao wa awali. Nyimbo zote za humu ni za kipindi cha Steve Hogarth, mwimbaji aliyeingia 1989. Kumi ni za zamani zilizopangwa upya, moja ni mpya kabisa, "It's Not Your Fault", na mwishoni kuna ya ziada ambayo hawakuiandika kwenye orodha.

Kuhusu kujitegemea, hawa hawakuanza jana. Kampuni ya rekodi ya EMI iliachana nao baada ya albamu yao ya 1995. Mwaka 1997 mashabiki wa Marekani walichangishana kwa intaneti kama dola 60,000 ili bendi ivuke ikapige kwao. Kisha bendi ikawaomba mashabiki walipie Anoraknophobia, albamu yao ya 2001, kabla haijarekodiwa, na zaidi ya 12,000 wakalipa. Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, ilikuja 2009! Nalitaja hili kwa sababu linasikika kwenye albamu: hakuna bosi aliyewaambia wapige vibao vilevile, ila taratibu.

Sasa sauti yenyewe. Bendi nyingi za roki hudhani ukishaweka chini gitaa la umeme kazi imekwisha. Distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, haileti mngurumo tu. Inasogeza pamoja sauti kubwa na ndogo, inafanya nota idumu, na inazaa sauti nyingine za juu zinazojaza nafasi. Ndiyo maana kodi (yaani nota zinazopigwa pamoja) ya nota mbili, ya 1 na ya 5 za skeli, inatoka kwenye amplifaya kama ukuta. Ipige kodi hiyohiyo kwenye gitaa kavu: inalia kidogo, inafifia, na hujui hata ni meja, ile ya furaha, au maina, ile ya huzuni, maana nota ya 3 haimo. Mpiga gitaa akisikia pengo anaongeza nguvu ya mkono, mwendo unaanza kukimbia, na unachosikia ni nyuzi zinachapwa.

Marillion walizibomoa nyimbo zao wakazijenga upya. Sikiliza "Hard as Love". Kwenye Brave ya 1994 ni wimbo wa magitaa makali. Humu mwendo umeshuka, piano ndiyo imebeba, na Hogarth anaimba kama mtu aliyekaa kiti cha pembeni yako. Asiyeambiwa jina anaweza kufika kwenye kiitikio ndipo astuke. "Interior Lulu" ya asili inazidi dakika 15. Humu imebaki karibu nusu. "This Is the 21st Century" nayo ilizidi dakika 11 kwa mdundo wa mashine unaojirudia, na ni sawa kabisa kuifupisha. Mashine ikijirudia unaweza kubadilisha rangi ya sauti polepole na msikilizaji asichoke. Gitaa kavu likijirudia dakika 11, watu wanatafuta simu zao.

Iliyonogesha zaidi ni "Out of This World". Inamhusu Donald Campbell, aliyefariki 4 Januari 1967 kwenye ziwa la Coniston Water akitafuta rekodi ya kasi majini ndani ya boti yake, Bluebird K7. Ni wimbo huu uliomtia hamu mzamiaji aliyekwenda kukitafuta chombo hicho, kikaopolewa Machi 2001. Humu nafasi tupu kati ya nota ni kubwa, na zinaufaa wimbo wa maji mengi na kimya.

Lawama zipo. "Quartz" ya asili inaishi kwa besi. Ukiipunguzia umeme, uti wa mgongo unalegea. Na katikati ya albamu miendo inakaribiana mno. Ukisikiliza yote kwa mkupuo, nyimbo mbili tatu zinapita bila kukugusa. Igawe mara mbili.

Usiisikilizie kwenye spika ya simu. Uzi mnene wa besi uko kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 41 hivi na wa gitaa hezi 82, na spika ndogo kiasi hicho haishuki huko. Utasikia vidole na sauti ya mwimbaji tu, kisha useme albamu ni nyembamba. Vaa hedifoni, na zima kile kitufe cha kuongeza besi, la sivyo tumbo la gitaa litavuma juu ya kila kitu.

Kwa walio kwenye bendi, Nairobi, Dar, popote: chukua wimbo mmoja, punguza mwendo, shusha kii, yaani kimo cha wimbo, nusu toni au toni nzima ili mwimbaji asilazimike kupiga kelele, na rudisha nota ya 3 kwenye kodi. Mpiga dramu aache vijiti ashike brashi, maana vijiti vinalifunika gitaa hata kwenye chumba kikubwa. Weka maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka gitaa, ukiilenga pale shingo inapokutana na mwili, si kwenye tundu; ukilenga tundu utapata mvumo. Usitegemee ule waya wa pikapu, kinasa sauti kilichofungwa kwenye gitaa, peke yake, sauti yake hukwaruza kama plastiki. Nyuzi badilisha siku moja kabla, zipate kutulia. Walio Mombasa au Dar mjue chumvi ya pwani inaziua mapema, kwa hiyo zifute kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga.

Nimeipa 8 kwa 10. Anza na "Hard as Love" ya 1994, kisha ya humu, papo hapo, moja baada ya nyingine. Na ukifika mwisho usizime haraka: ule wimbo uliofichwa ni "Cannibal Surf Babe", na ndio pekee humu ambao bendi inasikika ikicheka.